Usiku wa Kuamkia Alhamisi

Kitu cha kwanza alichonikataza dada wa kompyuta wa pale ofisini ni kugusa kibodi. Hakuuliza nimepoteza nini wala lini. Alivuta kiti, akafungua dirisha jeusi la amri, akaingia kwenye seva ya ofisi, kisha akafungua ratiba ya kazi za usiku, ile ambayo mafundi huiita cron. Mwanzoni mwa mstari mmoja aliweka alama ya reli, ile tunayoibonyeza kwenye simu tukiulizia salio, akahifadhi na kufunga. Mstari wenye alama hiyo mbele yake mashine hairuhusiwi kuutekeleza.

"Usiku wa leo bakapu haitapita," alisema. "Haya, mzee wangu, nieleze ilivyokuwa. Polepole."

Nilikuwa nimemwendea na pumzi juu, nikitegemea atakimbilia kurudisha kilichopotea. Yeye alianza kwa kusimamisha. Nimekaa miaka mingi na mafundi wa majahazi, na hilo nalijua kwao: fundi hang'oi ubao uliooza kabla ya kukiegemeza chombo kwa magogo pande zote mbili. Nilipoiona ile alama ya reli, nikajua nimefika kwa fundi.

Kilichopotea kilikuwa maneno. Kwa muda mrefu nimekuwa nikikusanya msamiati wa waundaji wa vyombo vya pwani, kuanzia Tanga na Pangani hadi Bagamoyo na Nungwi: mkuku, taruma, foromali, demani, kalafati, na mengine ambayo kamusi hazina. Yote yalikuwa kwenye seva ya ofisi, ndani ya faili moja, `maneno.txt`, kila neno na mstari wake, maana yake na mahali nilipolisikia. Alhamisi tarehe 9, asubuhi, nilitaka kuyapanga kwa alfabeti. Nilikuwa nimejifunza amri chache, nikaandika hivi:

`sort maneno.txt > maneno.txt`

Alama ile iliyoelekea kulia huuambia mfumo umwage matokeo ndani ya faili linalofuata. Sikujua kwamba mfumo huandaa chombo kabla ya kumwita mpishi. Hulifungua kwanza faili la kupokea na kulikung'uta likabaki tupu, ndipo `sort` anapoitwa. Akaja, akakuta faili halina kitu, akapanga utupu, akamwaga utupu. Hakuna onyo lililotokea. Kwenye mstari wa amri, kazi iliyokwenda vizuri haisemi neno, nami nikauchukulia ule ukimya kuwa ni heri. Nikafunga kompyuta, nikasafiri. Niliporudi Jumatatu tarehe 20 na kulifungua faili, lilikuwa na ukubwa wa baiti 0.

Dada yule alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza swali moja tu: "Mara ya mwisho kuongeza neno ilikuwa lini?" Nikamwambia Jumatano jioni, tarehe 8, jua likizama. Akaandika kwenye karatasi. Aliandika pia tarehe 9, akaizungushia duara.

Maofisini tunasema bakapu. Baadhi ya programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili husema chelezo, na mimi nalipenda neno hilo kuliko lile la kuazima. Chelezo cha mvuvi ni kile kinachoelea juu ya maji kuonyesha mahali mtego ulipo chini. Kukiona hakujawa kupata samaki. Bado kuna kamba ya kuvuta, kina cha kukisia, na mkono unaojua uzito wa kitu kabla hakijaonekana. Wanaoweka chelezo ni wengi, na siku hizi kuweka chenyewe kunafanywa na mashine saa za usiku. Wanaojua kuvuta ni wachache, na kazi yao huonekana siku mbaya tu, ambayo watu wote chumbani wana hofu na hakuna anayetazama ustadi. Mimi nilitazama, kwa kuwa nilikatazwa kugusa chochote.

Programu anayoitumia inaitwa restic, iliyoanzishwa na Alexander Neumann na kuandikwa kwa lugha ya Go. Haina vitufe wala picha za folda. Ina amri moja, na chini yake amri ndogo ndogo. Kila faili inalopewa hulikata vipande kwa kufuata yaliyomo, vipande vya kati ya KiB 512 na MiB 8. Faili dogo kama langu huwa kipande kimoja. Kila kipande hupewa alama yake, kama alama ya kidole, kwa hesabu iitwayo SHA-256, na alama hiyo ikiandikwa huwa na herufi na tarakimu 64. Kipande ambacho alama yake imeshaonekana hakihifadhiwi tena. Kwa hiyo kila usiku hupatikana picha kamili ya mafaili yote, lakini ghalani huongezwa yale tu yaliyobadilika. Na vyote husimbwa. Ukipoteza nywila, hakuna mlango wa nyuma wala fundi wa kukufungulia. Ya ofisi ile ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi, ndani ya bahasha, kwenye kabati la mhasibu. Alikwenda kuichukua, akaichapa bila herufi hata moja kuonekana kwenye skrini, akairudisha bahasha kabatini kabla ya kuendelea.

Kisha akaandika `hostname`, amri ya kuuliza jina la mashine uliyomo. Alikuwa ameingia kwenye seva ile dakika 10 tu zilizopita, na jina lake lilikuwa palepale mwanzoni mwa mstari. Aliuliza hata hivyo. Nilipomtazama akanikumbusha mkasa wa kampuni ya GitLab, ambao wao wenyewe waliueleza hadharani. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wao aliyechoka alifuta folda ya hifadhidata akidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye ile inayofanya kazi. Alipokatiza amri, kati ya GB 300 hivi zilikuwa zimebaki GB 4.5. Wakageukia bakapu. Zile za kila siku hazikuwepo: programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo 9.2 na hifadhidata yenyewe ya toleo 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikishindwa kila siku, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja aliichukua kwa mkono wake saa 6 kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Nawaheshimu kwa kuyasema hayo yote wazi. Mafundi wa nchi nyingi wamejifunza kuuliza jina la mashine kwa sababu yao.

Basi akaorodhesha picha zilizopo, kwa amri ya `restic snapshots`. Zikashuka mistari kwenye skrini, kila mmoja na kitambulisho cha herufi 8, tarehe na saa. Zote zilichukuliwa saa 02:00, yaani saa 8 usiku. Kulikuwa na za tarehe 14 hadi 20, usiku baada ya usiku. Kisha ya tarehe 12. Kisha ya tarehe 5. Baada ya hapo zilikuwa za mwezi uliopita na miezi iliyotangulia.

Nilitarajia achague ya juu kabisa. Programu yenyewe ina neno la mkato la kuomba picha mpya kuliko zote, na nadhani wengi wetu tungeliandika hilo na kukaa kusubiri. Yeye aliandika amri ya kutafuta `maneno.txt` ndani ya kila picha na kuonyesha ukubwa wake. Majibu yakaja: 0. 0. 0. Sufuri 7 za siku 7 za mwisho, na ya 8 kwenye picha ya tarehe 12. Mashine hunakili kilichopo, na kila usiku tangu niondoke ilikuwa imenakili kwa uaminifu mkubwa faili langu tupu. Picha ya tarehe 5 ndiyo ya karibuni zaidi iliyoonyesha faili lenye maneno.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi hii inahusu nini hasa. Kurudisha faili ni amri moja, mtoto anaweza kuichapa. Kinachotaka fundi ni kujua urudishe la usiku gani: ule wa mwisho ambao mambo yalikuwa bado sawa. Ni utafiti wa historia, wenye ushahidi haba na tarehe za kulinganisha, na mtafiti anapaswa kushuku kwanza kile kilicho karibu na mkono.

Picha tuliyoihitaji ilikuwa ya saa 8, usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 9. Ilikuwa na kazi yangu ya Jumatano jioni, na ilichukuliwa kabla sijaandika ile amri asubuhi. Haikuwepo kwenye orodha. Kanuni ya ofisi ni kubakiza picha za siku 7 za mwisho, za wiki 5 na za miezi 12. Nikajitutumua: kama kila wiki hubakiziwa picha, basi wiki ya tarehe 9 lazima inayo. "Inayo," alisema. "Ni ya Jumapili tarehe 12." Wiki ya restic huanza Jumatatu na kufungwa Jumapili, na picha ya mwisho ndiyo inayobaki kuiwakilisha wiki nzima. Sisi wiki yetu huanza Jumamosi, jina lenyewe linasema. Kwa hesabu yetu ingefungwa Ijumaa tarehe 10, nayo isingenisaidia. Lakini nilifurahi kuona ameipiga hesabu hiyo pembeni mwa karatasi, kwa njia zote mbili, kabla mimi sijasema kitu.

Kwa hiyo tulikuwa na faili la tarehe 5. Ndani yake zingekosekana Jumatatu, Jumanne na Jumatano: siku 3 za kukaa kwenye mchanga na wazee wawili ambao sina hakika nitawapata tena wakiwa na nguvu ya kuzungumza. Nikasema basi, tushukuru kwa hilo lililopatikana.

"Hujaniuliza kama zile nyingine zimefutwa," alisema.

Restic hutenganisha mambo mawili ambayo mimi niliyadhani ni kitu kimoja. Kuna kusahau na kuna kupogoa. Kusahau ni kuliondoa jina la picha kwenye orodha. Vipande vyake hubaki ghalani kama vilivyokuwa, ila hakuna kinachoelekeza kwake. Kupogoa ndiko kunakopita ghalani na kuondoa vipande visivyotajwa na picha yoyote. Kusahau ni kazi ya sekunde, na ratiba ya ofisi ilikuwa ikikufanya kila usiku. Kupogoa huchukua muda na huisumbua seva, kwa hiyo alikuwa amekupanga tarehe 1 ya kila mwezi. Leo ilikuwa tarehe 20. Kila kilichosahauliwa tangu mwanzo wa mwezi kilikuwa bado kipo, bila jina.

Akachukua tena karatasi yake. Aliandika tarehe zote ambazo kanuni ingekuwa imezisahau tangu tarehe 1: za kila siku 15, za wiki 3. Jumla 18. Akapiga mstari chini ya 18. Ndipo akaandika `restic recover`.

Amri hiyo hupita ghala zima ikikusanya kila mti wa folda usiotajwa na picha yoyote, kisha huitundika miti yote hiyo ndani ya picha moja mpya. Haigusi kilichopo. Ilikwenda kwa muda wa kutosha kuletewa chai. Alikunywa yake akiwa amegeuza kiti, mgongo kwenye skrini, tukazungumza habari za mvua. Sijui kama ni desturi yake au alifanya kwa ajili yangu.

Ilipomaliza, ndani ya ile picha mpya kulikuwa na folda ambazo majina yake ni mchanganyiko wa tarakimu na herufi, herufi 8 kila moja, zisizo na tarehe wala maana kwa macho. Alizihesabu kwa kidole. Zilikuwa 18. Akaweka tiki kwenye karatasi.

Nataka nikae kidogo kwenye tiki hiyo. Angeweza kuiendesha amri kwanza na kuyapokea yatakayokuja, yawe 18 au 11. Kwa kukisia kabla, alikuwa ameipa mashine nafasi ya kumkosoa. Zingekuja 17, angejua kuna kitu hakijui, na angesimama. Nimemwona mzee wa Pangani akifanya hivyohivyo kwa ubavu wa jahazi: hulitaja pengo kwa unene wa vidole, kisha ndipo anapolipima.

Kati ya hizo folda 18, tatu zilikuwa na `maneno.txt` la baiti 0: usiku wa tarehe 10, wa 11 na wa 13, kama ilivyopasa. Nyingine zilikuwa na mafaili yaliyokuwa yakikua kidogo kidogo. Moja lilikuwa kubwa kuliko yote, na muda wa kubadilishwa kwake mara ya mwisho uliandikwa Jumatano tarehe 8, 18:40. Saa 12 na dakika 40 jioni. Jua lilikuwa limezama.

Mikono ilinisisimka. Yake haikuharakisha. Hata hapo hakulirudisha mahali pake. Alitengeneza folda mpya aliyoiita `marejesho`, akaielekeza restic kulitoa faili humo, akaisoma amri nzima kwa sauti ya chini kabla ya kubonyeza, neno kwa neno, kama mtu anayerudia namba ya akaunti anayotumia pesa. Tabia hiyo ya kutoa kando ina asili ya mbali. Programu ya `tar`, iliyotoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979 kwa ajili ya kanda za sumaku, ukiiambia itoe faili hulitoa juu ya lile lililopo bila kuuliza. Ile ya `restore` iliyokuja na 4.2BSD mwaka 1983 ilikuwa na adabu zaidi. Ilikuruhusu kutembea ndani ya kanda kama unatembea ndani ya folda, ukitia alama ya nyota kwenye unachokitaka, na hakuna kilichotoka mpaka useme kitoke. Na anayetumia rsync ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras, ya mwaka 1996, anajua kwamba mkwaju mmoja ukikosekana mwishoni mwa jina la folda, vitu hutua mahali pengine. Fundi mzuri amezibeba hadhari hizo zote mwilini, hata kwenye programu ambayo haizihitaji sana.

Faili la tarehe 5 nalo alikuwa amelitoa, kwenye folda ya pili. Akahesabu mistari. La tarehe 5 lilikuwa na 2,257, la Jumatano 2,318. Kisha akaandika `diff`, amri inayolinganisha mafaili mawili na kutaja tofauti tu, akageuza skrini kuelekea kwangu.

Yakaanza kushuka. Mistari 4 niliyokuwa nimeisahihisha, ya zamani na mipya, mmoja chini ya mwingine. Na mistari 61 mipya, kila mmoja ukitanguliwa na alama ileile inayoelekea kulia ambayo Alhamisi ilinimalizia kazi. Safari hii ilikuwa ikinionyesha kilichoongezeka. Niliyaona maneno ya Jumatatu, niliyoyaandika nikiwa nimekaa kwenye kivuli cha omo. Niliona jina la aina ya msumari ambalo nilikuwa nimeshalisahau kabisa, na ambalo kama lisingekuwepo pale nisingejua hata kulitafuta.

"Ni yako?" aliuliza.

"Ni yangu."

"Soma yote. Kwa sauti, kama huoni tabu."

Nikasoma. Alikaa na karatasi yake akiweka mstari mdogo kwa kila neno, akifunga vifurushi vya tano tano. Kwenye neno la 30 na kitu nilisita, kwa kuwa herufi zilikuwa zimepinda. Akaniuliza kama ni kosa la faili au la kwangu. La kwangu, niliandika gizani. Akasema niendelee. Tulipofika mwisho alikuwa na vifurushi 12 na mstari mmoja pembeni.

Ndipo alipolinakili faili kwenda mahali pake, kwa amri inayolinda tarehe yake ya asili, ili yeyote atakayelitazama baadaye aone Jumatano tarehe 8, 18:40. Lile tupu alikuwa ameshalihamisha kando bila kulifuta. Juu ya kipande cha karatasi aliniandikia `sort -o maneno.txt maneno.txt`, akaeleza kwamba hivyo `sort` husoma yote hadi mwisho kabla hajaandika chochote, akanipa nikabandike juu ya meza yangu.

Folda ya `marejesho` aliiacha, na ile picha ya folda 18 pia, mpaka nitakapokuwa nimelifanyia kazi faili kwa wiki nzima na kuridhika. Akafungua ratiba ya cron, akaiondoa ile alama ya reli, akahifadhi, akaifungua tena mara ya pili kuhakikisha kwamba imeondoka.